Saruji ya Harusi Yangu

Tulimzika Bi Zuhura baada ya sala ya alasiri, na siku ya hitima yake, kabla hata masinia hayajaondolewa, Farid, mtoto wa ndugu yangu, alinishika mkono akanitoa nje akanionyesha matofali mawili aliyoyaweka chini kwenye mchanga. Farid ndiye anayeishi sasa katika nyumba yetu ya Bondeni, ukuta kwa ukuta na nyumba ya marehemu, na alikuwa anachagua kabro za kutandika njia ya gari kutoka langoni hadi mlangoni. Moja ilikuwa nyekundu, imekatwa sawasawa, ya kubanana na mwenziwe hata wembe usipite. Ya pili ilikuwa na matundu makubwa, ya kutandikwa juu ya kokoto na kujazwa kokoto. "Shangazi, miye nimeipenda hii nyekundu," aliniambia. "Hii ya matundu, visigino vya wageni vitanasa." Nilichukua birika la maji ya kunawia mikono nikazimwagia zote mbili. Maji ya ile nyekundu yalikimbia yakamlowesha soksi zake nyeupe. Ya ile ya matundu yalizama palepale, pakabaki unyevu tu. Nikamwambia akitandika nyekundu asinialike tena nyumba ile, si kwa harusi si kwa matanga. Alicheka, na waliokuwa barazani wakacheka pia, maana katika ukoo wetu hasira zangu juu ya sakafu ni kichekesho cha miaka na mikaka. Kila panapotengenezwa ua, lazima mtu aseme, "Muulizeni bibi harusi kwanza." Nami kwa kawaida huwaacha wacheke. Siku ile sikuweza. Mwanamke aliyehusika alikuwa ametoka kuzikwa, na hakuna aliyekumbuka kwamba kisa kile kilikuwa chake. Wamekigeuza kuwa kisa cha bibi harusi mkorofi. Basi nitakisema kama kilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke baada ya kusoma.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Ua wetu wa pembeni ulikuwa na mchanga na vipande vya matumbawe vilivyopondwa, vilivyomwagwa na marehemu baba yangu, na mvua ikinyesha maji yalikuwa hayapati muda wa kukaa. Mlizamu wa paa ulimwaga kwa kishindo, nawe ukinywa kikombe kimoja cha chai na mahamri mawili, ukitoka unakuta ua umeshayanywa yote. Kisiwa chetu kimesimama juu ya jiwe la matumbawe lenye vinyweleo, maji hupita, hiyo si siri ya mtu yeyote. Lakini nilikuwa nimeposwa, na posa ile ilikuwa ya watu wa Tononoka wenye gari mbili, na Ami Salim, mdogo wake baba, aliyekuwa akikaa nasi na ndiye walii wangu wa kuniozesha, aliingiwa na aibu ya mchanga. Alitembea ua mzima na kanzu yake ameishika kwa vidole viwili, akasema bwana harusi hawezi kushuka garini akakanyaga mtanga kama mtu anayekwenda kununua samaki Liwatoni. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba mtanga haujamdhuru mtu. Ami akamjibu, "Shemeji, harusi ni ya mwanao, lakini jina ni letu sote." Wiki ile ile saruji ilishushwa langoni.

Mimi nilikuwa nimeshatiwa ndani. Mwari wa kwetu, siku zake zikikaribia, hatoki wala haonekani, anasingwa liwa na kupakwa mafuta na kulishwa kama anayepelekwa kwenye mashindano ya unene. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, chenye kidirisha kilichoangalia ua, kimezibwa pazia ili jua lisinifikie. Basi yote niliyoyajua kuhusu saruji ile niliyajua kwa masikio. Nilisikia koleo, nikasikia fundi akikohoa vumbi, na asubuhi moja nikayasikia maneno ambayo mpaka leo yakinijia hunipandisha mori. Fundi aliuliza, "Mzee, na maji yaende upande upi?" Ami akasema, "Yasije langoni tu. Wageni wapate kuingia pakavu. Yainamishe kule ukutani." Fundi akauliza nyuma ya ukuta ule pakoje, kama kuko juu au chini, na kama anaweza kupanda ngazi akachungulia. "Uchungulie wapi!" Ami alimkemea. "Kule kuna kizuka. Staha, bwana."

Kizuka ndiyo jina tunalompa mwanamke aliyefiwa na mume akiwa kwenye eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani bila manukato wala mapambo, bila kuonana na wanaume wasio maharimu wake, wala kutoka nyumbani bila dharura. Bi Zuhura alikuwa amefiwa karibu miezi miwili kabla. Na kwa kweli hakuna mwanamume mtaani kwetu aliyethubutu hata kuinua macho kutazama ukuta wake. Waliokuwa wakipita uchochoroni walishusha sauti. Ilikuwa heshima, na sisemi heshima ni mbaya. Ninalosema ni kwamba kwa heshima hiyo hiyo hakuna aliyetazama kwamba ua wake ulikuwa chini kuliko wetu, tena chini sana, na kwamba mlango wa chumba chake cha kulala ulifungukia kwenye ua huo. Wanawake tulioingia na kutoka kwake tulijua. Hatukuulizwa. Mama alimpelekea chakula kila siku, alizijua ngazi za kushukia kwake kama alivyoyajua meno yake, na fundi aliyekuwa anataka kujua alikuwa hatua chache kutoka kwa mama, lakini nani angemuuliza mwanamke aliyebeba bakuli la mbaazi mambo ya mteremko?

Saruji ilikauka ikawa nzuri, siwezi kuisingizia. Ilikuwa laini, ya kijivu, imepigwa mistari kama keki. Watu walikuja kuitazama, wakampa Ami hongera kama aliyepata mtoto. Masika yaliingia siku tatu nne baadaye. Nilikuwa nimelala kifudifudi, somo yangu, yaani kungwi wangu, ananisugua mgongo, mvua ikateremka kama inavyoteremka kwetu, bila kubisha hodi. Mlizamu ukamwaga. Nikangoja ile sauti ya maji kunywewa na mchanga, ile iliyokuwa kama mtu anayevuta pumzi, nisiisikie. Badala yake nikasikia maji yanakimbia. Halafu, upande wa pili wa ukuta, nikasikia kopo la bati likikwaruza sakafu, kwaruu, kisha maji yakimwagwa, kisha kwaruu tena. Halikukoma mpaka adhana ya adhuhuri.

"Rukia! We Rukia!" Bi Zuhura aliniita. Alijua chumba changu kilipo, tulikuwa tukisalimiana hivyo hivyo, yeye kwenye eda yake na mimi kwenye uwari wangu, hatuonani. "Huko kwenu mumefungua mfereji?"

"La, Bi Zuhura. Ni mvua."

"Mvua naijua, mwanangu. Mvua yatoka juu. Haya yatoka kwenu."

Somo aliniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa liwa. Mwari hapigi kelele dirishani. Mama aliporudi kutoka kumpelekea chakula, pindo la buibui lake lilikuwa limelowa mpaka gotini, na uso wake ulikuwa umemshuka. Aliniambia maji yameingia chumbani, zulia limeoza linanuka, na sanduku la nguo za marehemu wamelipandisha juu ya meza. Nikamuuliza amemwambia Ami nini. "Nimemwambia," alisema. Nikauliza, naye amesemaje? "Amesema atalitizama baada ya harusi." Nilipoanza kufoka, mama alinishika bega. "Nyamaa, Rukia. Wewe ni mwari. Usinitie aibu nyumba ikijaa watu."

Walilitazama, lakini walivyolitazama ndivyo vilivyonichoma zaidi. Alasiri moja Ami alikaa barazani na wazee wawili wa mtaa, kahawa inapita, halua inakatwa, nami ndani nasikia vikombe vikigongana na kila neno. Mmoja akasema dini haina ugumu, pakiwa na dharura kizuka anaruhusiwa kuhama akamalizie eda mahali pa salama. Wa pili akakubali, akaleta ushahidi wake. Walijadili vizuri, kwa adabu, wakapokezana maneno kwa zamu. Mwisho Ami akasema yuko tayari, chumba cha juu cha nyumba yetu ni cha Bi Zuhura, ale, anywe, asiwe na wasiwasi. "Mwenyezi Mungu akulipe, Salim," wakamwambia. "Umefanya ihsani kubwa." Nilitaka kupasuka. Walikuwa wamekaa, miguu yao mikavu, juu ya baraza lililoitazama ile saruji, na katika mazungumzo yote yale hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yametoka wapi. Mtu anamlowesha jirani, kisha anamkaribisha kwake akaanike, na watu wanamwombea dua! Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimeuona wema wa namna hiyo mara nyingi, katika ofisi na katika majumba, na kila nikiuona huzikumbuka sauti za vikombe vile.

Mama ndiye aliyetumwa kupeleka habari. Alirudi na jibu, akalisema barazani kwa sauti ile ile aliyotumia Bi Zuhura, maana mama hakujua kulipunguza makali. "Asema ahsante. Asema mume wake alifia pale na eda yake ataimaliza pale. Na asema, kama kuna kitu cha kuhama, basi na yahame maji." Kisha Ami akasema wanawake waliofiwa huwa na uchungu, tusimlaumu. Na kahawa ikaendelea.

Siku ya nikaha mvua ilianza tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa imejaa udi na watoto kama viluwiluwi, na uani, chini ya turubai, wapishi walikuwa wamepanga masufuria ya biriani upande ule uliokuwa juu, ulio mkavu. Upande wa chini maji yalikwenda kama mto. Nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, hina mikononi mpaka viwikoni, asumini kichwani zimenilemea, na nyuma ya nyimbo za kina mama nilisikia lile kopo. Kwaruu. Halafu kimya kirefu, amechoka. Halafu kwaruu. Ndipo Ami akaja na mashahidi wawili, kama desturi ilivyo, kuniomba idhini kabla ya kwenda msikitini. Alisimama nyuma ya pazia akasema kwa sauti nzito ya siku kuu: "Rukia, binti wa marehemu ndugu yangu, waniidhinisha nikuoze kwa Abdalla?" Kwetu mwari hatarajiwi kujibu. Kimya chake kinahesabiwa kuwa amekubali, na wengi huishia kulia kidogo tu, mashahidi wakaondoka wameridhika. Nilijua kwamba nikinyamaza nimeshajibu. Kwa hiyo nilisema.

"Sikuidhinishi."

Nyimbo zilikatika. Somo alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Nyuma ya pazia Ami alikohoa, akauliza tena, labda hakusikia vizuri. Nikamwambia amesikia. Abdalla namtaka, sina neno naye, lakini sitoi idhini mpaka saruji ivunjwe.

"Wazimu umekupanda?" Ami alisema, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Watu washajaa msikitini!"

"Na wajae."

"Maji ya jirani yahusu nini na nikaha?"

"Saruji mumeimwaga kwa ajili yangu. Kama ni yangu, ivunjeni."

Mama alikuwa analia kwa fedheha, shangazi wa upande wa bwana harusi anauliza kwa nguvu kama mimi nina shetani. Mmoja wa mashahidi, mzee ambaye hata jina lake silikumbuka, ndiye aliyesema polepole kwamba binti ana haki yake, bila idhini hapana ndoa, na kwamba mitaimbo si vitu adimu. Basi wakavunja. Vijana wa wapishi walivua mashati, wakaanzia katikati ya ua kwenda ukutani, na mimi nikahesabu vishindo mpaka nikachoka kuhesabu. Walivunja nusu ya chini. Nilisikia maji yakipunguza mbio, kisha yakatulia. Ami akarudi nyuma ya pazia, akauliza kwa mara ya tatu, na safari hii nikanyamaza kama wenzangu wote. Bwana harusi alifika akashuka kwenye kifusi cha saruji na tope. Viatu vyake vilichafuka, akaingia hivyo hivyo. Hakufa.

Fungate yangu niliikaa Tononoka, kwa wakwe, na sitaandika mengi kuihusu kwa sababu ilikuwa njema. Abdalla aliniambia alipoona Ami na mashahidi wamechelewa kuja msikitini alidhani nimemkataa yeye. Nikamwambia nimekataa saruji. Alicheka, lakini alinielewa, na huyo ndiye mwanamume wa kwanza niliyemsimulia habari ile akauliza, "Na yule mama mwenyewe vipi?" Fungate ilipokwisha nilirudi nyumbani kuwaamkia wazee, nimevaa buibui jipya, nimebeba kikapu cha tambi na kaimati. Nilisukuma lango. Ua ulikuwa wa kijivu, laini, umepigwa mistari, kuanzia lango mpaka ukuta. Ile nusu iliyovunjwa ilikuwa imezibwa kwa saruji mpya, rangi yake bado imekoza, na mteremko ulikuwa ule ule. Ami alikuwa barazani anasoma gazeti. Nikamuuliza hii ni nini. Alitabasamu, nataka mjue kwamba alitabasamu, kwa upole kabisa, akasema, "Ile ilikuwa siku yako, mwanangu, tukakustahi. Siku yako imekwisha. Sasa tuache na sisi tuishi."

Niliweka kikapu chini nikatoka nikaingia kwa Bi Zuhura. Sasa nilikuwa naweza, sikuwa mwari tena. Nilikuwa sijamwona tangu nilipotiwa ndani, nilikuwa naisikia sauti yake tu. Nilishuka zile ngazi, maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu, maana usiku uliopita ilikuwa imenyesha. Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa kwa mawe. Na yeye alikuwa juu yake, amevaa vazi lake jeupe, amekaa amekunja miguu juu ya mswala uliotandikwa kwenye godoro, anasali. Alisali amekaa. Rukuu yake ilikuwa kuinama kidogo, na sijida yake kuinama kidogo zaidi, kama wanavyosali wagonjwa na vikongwe wasioweza kusimama. Bi Zuhura hakuwa mgonjwa. Alikuwa hajafika hata miaka hamsini, mwanamke mwenye mapaja ya kutwanga mpunga. Alipotoa salamu aliniona nimesimama kwenye maji, akaona uso wangu. "Godoro lanesanesa, nikisimama n'naanguka," alisema. "Na sakafu ndiyo hiyo. Allah yuwajua." Kisha akanisihi nisigombane na ami yangu, eda yake imebaki kidogo, atavumilia, na mimi ndiyo kwanza nimeolewa. Alikuwa ananihurumia mimi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitatoka nyumba ile nikiwa na adabu zangu zote.

Nilirudi uani kwetu, mtaimbo ulikuwa umeegemezwa nyuma ya choo. Nilivua buibui nikalitundika langoni, nikaanza pale katikati. Saruji changa haina ukaidi, lakini mikono yangu ilikuwa imelainishwa kwa mafuta mwezi mzima, malengelenge yalitoka upesi juu ya hina. Ami alikuja mbio, gazeti bado mkononi. Aliniita majina. Aliniuliza nyumba hii ni ya nani. Nikainua mtaimbo tena, na kabla sijaushusha nikamsikia mama nyuma yangu. Mama yangu, ambaye katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti shemeji yake, alisema, "Ya mume wangu, Salim. Na mume wangu aliweka mtanga." Alikuwa ameshika shoka la kuni. Hakusema lingine. Alikuja akasimama kando yangu akaanza kupiga, vibaya, bila mpango, huku analia kwa hasira, na Ami akabaki ametoa macho kwa sababu mwanamume hawezi kumnyang'anya shemeji yake shoka mbele ya lango lililo wazi. Yeye mwenyewe kesho yake alimwita fundi amalizie, ili mtaa usiendelee kutazama. Safari hii haikuvunjwa nusu. Ilitoka yote, na pale pa mlizamu tukachimba shimo tukalijaza vipande vya ile ile saruji na matumbawe, mchanga ukarudi juu.

Ami Salim alikaa bila kusema nami mpaka alipougua ugonjwa wake wa mwisho, na wapo wanaonilaumu kwa hilo hadi leo. Nimelaumiwa sana. Sasa kisiwa kizima kimefunikwa, kila mtu anakausha mlango wake kwa kumlowesha mwenziwe, na masika yakija tunasimama barabarani tumepandisha nguo magotini tunauliza serikali iko wapi. Naiuliza pia, ina lake la kujibu. Lakini maji yanayoingia nyumba ya chini yametoka nyumba ya juu, na mwenye nyumba ya juu anajulikana kwa jina. Farid nimemwambia hayo. Amechagua kabro za matundu, nadhani kwa kuniogopa, na hilo pia linanitosha.

Mvua iliyofuata baada ya saruji kutolewa ilininyeshea Tononoka. Ilipokatika tu nilimwomba Abdalla anipeleke Bondeni, na sikupitia kwetu. Nilishuka zile ngazi nimeshika pindo la nguo kwa mazoea, nikakuta ziko kavu. Kopo la bati lilikuwa limepinduliwa juu ya ukuta. Bi Zuhura alikuwa chini, juu ya mswala, hajainuka bado, kipaji cha uso wake kina alama ya jamvi na vumbi kidogo la sakafu. Aliniona hakusimama, wala hakunipa salamu kwanza.

"Rukia," alisema, "leo nimesujudu chini."